Chupa ya Mwashi

"Hivi ni kweli unampimia mumeo maji kwa chupa ya mtoto?"

Jirani aliuliza hivyo akiwa ameegemea mwimo wa mlango, kapu mkononi, kana kwamba anauliza bei ya nyanya. Fundi cherehani hakuinua macho. Alikuwa katikati ya upindo wa sketi ya shule, na upindo ukiukatiza katikati lazima ukuumbue. Akaufikisha mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Ni kweli."

Jirani akangoja. Alizoea kupewa neno moja na kuongezewa matatu, maana watu wengi wakiulizwa jambo la aibu huanza kujieleza hata kabla hawajashtakiwa. Siku hiyo hakuongezewa. Akahamisha kapu kutoka mkono huu hadi ule, akaaga, akaondoka na jibu lake lile moja, nalo likamtosha kwa vichochoro vitatu. Jua halijazama fundi alikuwa amekwishapewa jina jipya. Waliopita mbele ya kibaraza chake walimwita Mama Vipimo, nao walidhani hasikii.

Alisikia. Kusikia hakukumzuia kushona.

Chupa yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya kawaida, yenye mistari ya kijani ubavuni. Aliinunua siku ile ile daktari alipowaambia kwamba figo za mumewe zimekufa zote mbili, na kwamba kuanzia wiki hiyo damu yake itasafishwa kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara. Muuguzi wa mashine aliwaeleza kwamba mtu asiyekojoa maji yake hayana pa kutokea. Anayokunywa hukaa mwilini hadi siku ya mashine, yakizidi huingia kwenye mapafu, na hapo mtu huzama akiwa nchi kavu. Kwa hiyo maji yote ya siku, pamoja na chai na mchuzi na ya kumezea dawa, yasizidi vikombe vitatu.

Fundi akauliza, kikombe gani?

Muuguzi akamtazama vizuri. Akasema wengi hawaulizi, huitikia tu kwa kichwa. Fundi akajibu kwamba yeye ni mshonaji, na mteja akimwambia kata kiasi, hakati mpaka ajue kiasi ni inchi ngapi. Ndipo muuguzi akamwonyesha kwa kidole mstari wa juu wa chupa ya mtoto. Mara tatu hii, mama, basi. Ukizidisha unamzika.

Mwashi, mumewe, alinuna siku mbili. Yeye ndiye aliyeinua kuta za shule ile ile ambayo mkewe aliishonea sare, na hadi leo ukuta wa upande wa bwalo haujapasuka hata unywele. Mtu wa namna hiyo, mwenye kifua kama mlango, apimiwe maji kwa chupa ya kunyonyea. Fundi hakubishana naye. Alikwangua picha ya sungura iliyokuwa ubavuni, akakitupa kile kinyonyeo, kisha akachukua kipande cha kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye kaptula za wavulana, akaishonea chupa mfuko wenye kifungo. Mwashi alipoiona asubuhi, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Fundi," akasema, maana ndivyo walivyoitana wao wawili kwa miaka ishirini na sita, fundi kwa fundi, "yaani umeivisha sare."

Tangu siku hiyo chupa ilikwenda naye kila mahali, lakini haikuwahi kutoka mfukoni mwake mbele za watu. Akitaka kunywa hugeukia ukutani.

Na fundi alijifunza mengine ambayo hakuna aliyemwona akijifunza. Alijifunza kuchemsha viazi, kumwaga maji yake, na kuchemsha tena. Alijifunza kwamba ndizi na chungwa, matunda wanayobebewa wagonjwa dunia nzima, kwa huyu wake ni sumu. Alijifunza kumpa kipande kimoja cha barafu anyonye, na kukihesabu. Kila alfajiri alipomaliza kuomba, kabla hajaamka mtu yeyote, aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa mumewe, pale daktari alipounga mishipa ili sindano za mashine zipate njia. Mshipa ule ulivuma chini ya vidole vyake kama cherehani inayozungushwa bila kitambaa. Ukivuma, siku imefunguka. Ukinyamaza, mlango wa mashine umefungwa. Alishukuru, akaenda kuwasha jiko.

*

Jioni, saa kumi na mbili, ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mgonjwa mwingine.

Huyo alikuwa kwenye tamthilia. Alikuwa tajiri, naye pia figo zilimfia, na jirani, ambaye luninga yake iliungua, alikuja na kigoda chake kumtazama pale pale miguuni kwa mgonjwa wa kweli. Tajiri yule alilala kwenye shuka jeupe lisilo na kunyanzi. Nywele zake zilichanwa. Alikohoa mara moja kila kipindi, kwa adabu, ndani ya leso. Pembeni yake palikuwa na kisanduku chenye mstari wa kijani unaorukaruka, na mkewe, mwenye wanja ambao haukuchuruzika hata alipolia, alikuwa akimimina maji kutoka kwenye jagi la kioo, anamwinua kichwa kwa mkono mmoja, anamnywesha glasi nzima. Muziki unapanda. Jirani anajifuta machozi kwa mkono wa gauni lake.

"Huyo angekuwa amekufa tangu juzi," mwashi alisema jioni moja.

Jirani akamwomba asiwaharibie.

"Sasa mashine gani haijamchoma hata sindano? Mimi damu yangu naiona inatoka, inazunguka, inarudi. Yeye amefungiwa redio."

Fundi alicheka akiwa kwenye cherehani yake, mgongo amewapa. Alipenda kumsikia akisema. Lakini aliona pia kwamba mumewe, kwa dhihaka zake zote, macho hayakutoka kwenye jagi.

Jambo ambalo tamthilia haikuonyesha ni kiu. Wala haikuonyesha mwasho, mtu kujikuna hadi shuka likabaki na damu. Wala kichefuchefu, wala ulimi wenye ladha ya chuma, wala ile kwikwi ya saa tatu mfululizo inayomfanya mtu mzima atamani kulia. Wala haikuonyesha kuchosha kwake, kwamba ugonjwa mkubwa si tukio, ni kazi, nayo ina Jumatatu na Alhamisi, haina kipindi cha mwisho. Haya fundi hakuyasema. Angemwambia nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

*

Wifi mkubwa alifika Ijumaa mchana na sanduku lake.

Huyu alikuwa dada wa kwanza wa mwashi. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemfunga mgongoni, akamlea kwa kumtafunia chakula, na baadaye akapika miaka thelathini katika shule ya bweni, mbele ya masufuria ambayo mtu angeweza kuogea. Mtu akiwa na huzuni, wifi humlisha. Mtu akiwa na homa, humlisha. Mikono yake ilikuwa haijui kukaa bure mbele ya mtu mwenye njaa.

Alisimama mlangoni akamtazama mdogo wake kutoka utosini hadi vidoleni. Alikuwa amejiandaa njia nzima kumkuta hajiwezi, mashavu yameingia ndani, sauti ya kunong'ona. Akamkuta ameketi kwenye kiti, amenyoa ndevu, uso umejaa.

"Ndiyo huku kuumwa kwenyewe?" akauliza. "Mbona umenenepa?"

Mwashi akacheka, akasema ni uvimbe, dada. Wifi akasema uvimbe wa nani, yeye anaujua uvimbe. Akamkumbatia, akamshika mkono wa kushoto kumwinua, na fundi akaruka kutoka kwenye cherehani kama aliyechomwa, akamshika wifi kifundo: si huo, wifi, huo haushikwi, haubebi, haufungwi hata saa.

Hayo yakawa makaribisho yao. Wifi akarudi nyuma, akajikung'uta mkono, akanyamaza. Kunyamaza kwa wifi hakukuwa amani. Kulikuwa kuweka akiba.

Saa ya chai alishuhudia jambo alilokuwa amelisikia kwa jirani tangu njiani, maana jirani alimpokea kabla ya wenyeji. Aliona chupa ikitolewa kwenye mfuko wake wa kaki. Aliona chai ikimiminwa humo hadi mstari wa pili, fundi akiinama kulinganisha jicho na mstari kama anayepima koti la bwana harusi, kisha chai hiyo ikihamishiwa kikombeni. Aliona kikombe hakikujaa hata nusu. Na alimwona mdogo wake akigeukia ukutani kunywa.

Wifi hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi. Alisema yeye amepikia watoto mia nne kwa siku, wengine wakorofi, wengine wezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupimiwa maji. Maji ni ya Mungu. Fundi alimweleza. Alimweleza figo, mapafu, mizani, Jumatatu, Alhamisi. Alimweleza kama muuguzi alivyomweleza yeye, bila kuruka. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hata yule tajiri wa kwenye tamthilia ni ugonjwa huu huu, tena kwao wana madaktari wa kweli wanaowaandikia, na mkewe anampa maji kwa glasi.

"Wifi, yule hana figo mbovu. Yule ana mshahara."

Mwashi aliinua leso mdomoni kuficha kicheko. Wifi aliiona. Nalo hilo akaliweka akiba.

*

Jumamosi ilimlazimu fundi kwenda shule kupima watoto wa darasa la kwanza, maana muhula ulikuwa unafunguliwa. Alijaza chupa, akaiweka kwenye stuli karibu na kiti, akamwonyesha wifi mistari: hapa mpaka saa nne, hapa mpaka saa sita, hapa mpaka nirudi. Wifi akaitikia vizuri kabisa. Fundi akatia futi shingoni, akaondoka na moyo wake ukiwa nusu.

Alipima watoto sitini na tatu. Mmoja alikataa kushuka kwenye benchi kwa sababu alipenda kupimwa, na fundi akamchekea, akampima mara ya pili. Saa tisa alikuwa amefika kwenye kona ya nyumbani alipomwona jirani amesimama mlangoni kwake, mikono kichwani. Hakuuliza kitu. Aliongeza hatua.

Kwenye stuli palikuwa na jagi la kioo, jipya, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Wifi alikuwa amelinunua asubuhi ile ile, pamoja na glasi yake. Lilikuwa tupu. Maganda ya machungwa yalikuwa kwenye sahani. Chupa ilikuwa pale pale alipoiacha, imejaa, hakuna mstari ulioguswa.

Mwashi alikuwa amelazwa chali kitandani. Kifua kilipanda kwa haraka haraka na kushuka kidogo, na ndani yake palisikika sauti kama ya mtu anayetembea kwenye matope. Midomo ilianza kuwa ya kijivu. Wifi alikuwa amepiga magoti kandoni, amemshika mkono wa kulia, analia, na kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa ameliona likifanyika kwenye tamthilia, alikuwa akimsihi atoe neno lake la mwisho.

Na mwashi, Mungu amhurumie, alikuwa akijaribu.

"Nyumba hii," akaanza, "nawaachia..." Kwikwi ikamkata. "Nawaachia..." Ikamkata tena. Akamwona mkewe mlangoni, na hata katika hali ile fundi aliona aibu ikimpita usoni, aibu ya mtoto aliyekutwa jikoni.

Fundi hakulia. Hakumwuliza mtu kitu. Aliingiza mikono chini ya makwapa ya mumewe, akamkalisha wima, akamwekea mito mitatu mgongoni na miguu akaishusha chini ya kitanda, maana muuguzi alimfundisha kwamba mwenye maji kifuani halazwi, hukalishwa. Pumzi ikapata nafasi kidogo. Akamwamuru jirani akamwite mwenye teksi wa kona. Akamvika mumewe viatu. Wifi alikuwa bado kwenye magoti, akiuliza kwa nini asiachwe apumzike, na fundi akamwambia, bila kugeuka, amletee daftari la mgonjwa juu ya kabati. Wifi akalileta. Njia nzima fundi aliomba kimoyomoyo, neno moja tu, akilirudia kila tairi lilipopita shimo.

*

Kwenye mizani ya chumba cha mashine, mwashi alikuwa na kilo tano na robo zaidi ya zile alizoondoka nazo Alhamisi.

Muuguzi wa zamu aliitazama namba, akamtazama mgonjwa, akaanza kazi. Mpira wa hewa puani, sindano mbili mkononi, bomba likawa jekundu. Ilimchukua dakika nyingi kabla hajapata nafasi ya kusema, na alipoipata aliitumia. Mlango ulikuwa wazi, na wifi alikuwa kwenye benchi la nje. Muuguzi akauliza ni nani aliyempa mtu huyu maji yote haya. Akasema amechoka. Watu hutazama wanayoyatazama huko majumbani, wanamletea wagonjwa walionyweshwa kama ngamia. Akauliza tena, ni nani?

Mwashi akafungua mdomo, na pumzi haikumtosha.

Fundi alikuwa amesimama, futi bado shingoni, alisahau kuivua. Angeweza kunyoosha kidole. Benchi lilikuwa hatua nne. Lakini mwanamke aliyekuwa kwenye benchi lile alimbeba mgonjwa huyu mgongoni kabla yeye hajamjua, na fundi aliona si haki amtaje mtu wa namna hiyo mbele ya mgeni mwenye kalamu.

"Mgonjwa ni wangu, sista," akasema. "Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Andika mimi."

Muuguzi akaandika. Kisha akamsema, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa korido, kwamba alimdhania mtu makini. Fundi alipokea maneno yale akiwa ameinua kidevu. Masikio yalimwaka moto kwa saa zote nne.

Wifi, kwenye benchi lake, alisikia "andika mimi" na karipio lililofuata, lakini hakusikia swali lililotangulia. Alisikia hospitali ikimlaumu mke. Na kwa kuwa alikuwa na hofu kubwa, hofu ambayo hakuthubutu kuitazama usoni, alilishika lile alilosikia kwa mikono miwili. Kabla jioni haijaisha alikuwa ameshampigia simu baba yao mdogo.

*

Kikao kilikaa Jumatatu saa nne asubuhi, sebuleni. Baba mdogo alikalia kiti cha mgonjwa bila kujua kuwa ni cha mgonjwa. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu mpole mwenye masikio mazito, na alikuja kwa sababu aliitwa. Mwashi alikaa kwenye kigoda. Jirani naye alikuwepo, alisema amekuja kurudisha sahani. Nje, uani, wanawake wawili watatu walikumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanika.

Wifi alisema yake akiwa amesimama. Alisema hana ugomvi na mtu. Anamtaka mdogo wake tu. Atamchukua kwake, atampa chumba chenye dirisha, atamlisha. Hapa ananyimwa. Ananyimwa ndizi, ananyimwa chungwa, ananyimwa maji, anakunywa amegeukia ukuta kama mwizi. Na wasidhani ni maneno ya wifi na mawifi: muuguzi mwenyewe, Jumamosi, alimkaripia mwanamke huyu mbele ya watu, naye akakiri. "Nilikuwepo," akasema. "Alisema andika mimi."

Baba mdogo akamgeukia fundi, akamwuliza kama ni kweli alisema hivyo.

"Nilisema, ba' mdogo."

"Una la kuongeza, mwanangu?"

Fundi alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa tangu Jumamosi. Lakini alitazama, akamwona mumewe ameinamisha kichwa, akajua kwamba neno lile si la kwake kulisema. Akiliokota yeye, litabaki lake na wifi milele, paka na panya. Akasimama, akaenda kabatini. Alirudi na vitu vitatu akavipanga mezani mbele ya wifi, kimoja kimoja: daftari, blanketi lililokunjwa la kujifunika kwenye mashine, na chupa yenye maji ya asubuhi ndani ya mfuko wake wa kaki.

"Wifi," akasema, "sikuzuii. Ni damu yako. Lakini mtu hachukuliwi bila vyake. Viazi huchemshwa mara mbili, maji ya kwanza humwagwa. Chupa tatu kwa siku, mpaka mstari wa juu, hata akilia. Na atalia. Hatalia kwa machozi, atakusimulia habari za mito aliyovuka akiwa kijana, na utasikia anapofika kwenye maji anapunguza mwendo. Usimpe. Atakuita jina baya, asubuhi atajuta, wewe usimkumbushe. Alfajiri weka vidole hapa, usikie kama panavuma. Nimefanya hivyo mwaka mmoja na miezi minne, sijaruka siku, na hajawahi kufika kwenye mashine na maji ya zaidi ya kilo mbili." Akaisogeza chupa kidogo. "Ila juzi."

Wifi aliitazama chupa kama mtu aliyewekewa kitu chenye moto. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Kidole kimoja tu kiligusa kifungo cha mfuko.

"Ila juzi?" akauliza baba mdogo, akiwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. "Juzi kulikuwa na nini?"

"Juzi nilikunywa majagi mawili," mwashi akasema.

Alikuwa ameinua kichwa. Alizungumza taratibu, maana pumzi ilikuwa bado haijarudi yote.

"Na machungwa matano. Fundi hakuwepo, alikuwa shuleni. Nilijua ninachofanya, ba' mdogo, msije mkamwonea na dada yangu. Yeye alinipa kwa kunipenda. Mimi ndiye niliyejua. Aliponishikia ile glasi nikajiona kama yule wa kwenye luninga, mtu anauguzwa kwa heshima, si kwa chupa. Nikanywa. Ilikuwa tamu." Akatikisa kichwa. "Ilikuwa tamu sana. Na nilipokuwa nazama, nikataka niseme wasia kama yule, nikashikwa na kwikwi."

Jirani aliguna, karibu acheke, akajiziba mdomo kwa sahani.

"Dada, maisha yangu yote kila mtu amenipa maji. Wewe umenipa, mafundi wenzangu wamenipa, hata mtu usiyemjua ukimwomba barabarani atakupa. Aliyeweza kuninyima nimempata mmoja. Mnajua ilivyo kazi, kumnyima unayempenda maji, anakutazama, kila siku, halafu mtaa mzima unakucheka? Mimi nimejenga ghorofa. Hiyo siiwezi."

Wifi alikaa. Mikono, ile mikono iliyopikia watoto mia nne, ilikuwa mapajani, viganja juu, mitupu. Fundi alimwona na hakufurahi. Alikuwa amedhani siku hiyo ikifika atafurahi. Alitamani tu kumwekea kitu mikononi, na kilichokuwa karibu kilikuwa ni lile blanketi, basi akalichukua mezani akampakatisha. Wifi akalikumbatia.

"Saa ngapi sasa?" mwashi akauliza.

Ilikuwa saa tano na nusu. Jumatatu. Mashine yake ilikuwa ya saa sita.

Akasimama. Fundi alitaka kumpa mkono, akaona hautaki, akauacha. Mwashi akaiendea meza, akaichukua chupa, akafungua kile kifungo cha kaki, akaitoa chupa, akaukunja ule mfuko vizuri akamkabidhi mkewe. Kisha akaitia chupa kwenye mfuko wa mbele wa shati, pale ambapo zamani ilikaa penseli yake ya kazi na rula, mistari ya kijani ikatazama nje.

Akaufungua mlango. Uani mikono ya wanawake ilisimama juu ya kamba, nguo zikidondosha maji. Hakugeukia ukuta. Akaitoa chupa, akaiinua juu usawa wa jicho, akanywa hadi mstari wa kwanza, akaufuta mdomo kwa mkono wa kulia, akairudisha mfukoni, akatoka.